Kila Kitu Iwekwe Flashi

Majirani zangu wa Migosi, mmeniuliza mpaka mmechoka. Mama Nekesa alipata kipande cha Ahero, akacheka hadi akashika ukuta. Fundi wa viatu pale kona alipata kipande cha Sondu. Kipande cha Mbita hakuna aliyekipata, kwa sababu kila nikifika hapo nageukia mteja. Hii ni wiki ya pili tangu nirudi. Basi nimekaa nikaandika yote. Mpokezane, msome, na msiniulize tena kwenye duka langu la kompyuta mbele ya wateja.

Mambo ya maandalizi nayaruka, hayana utamu. Lakini lazima niwaambie nilikuwa naenda kwa nani.

Mwalimu Perez ni mama aliyenifundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Kisumu, kabla hajastaafu na kurudi kwao kisiwa cha Mfangano. Watu wa huko asili yao ni Wasuba, ila siku hizi wengi wanazungumza Kijaluo, na Kisuba kimebaki vinywani mwa wazee. Alipostaafu akaanza kuyaokota maneno ya Kisuba, nyumba kwa nyumba, mzee kwa mzee, na kuyaandika. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Mwanzo aliandika kwenye madaftari. Ziwa lilipopanda liliingia hadi chumbani kwake na madaftari yakawa uji, lakini kwa bahati alikuwa amekwisha kuyanakili yote kwenye laptopu niliyomletea mimi mwenyewe. Yalikuwa maneno elfu nne na ushei, kila neno na maana yake, na jina la mtu aliyempa. Wengi wa waliompa wameshazikwa.

Sasa, laptopu hiyo ilikuwa na mfumo wa zamani wa kuiendesha, ule niliouweka kwa sidii. Mnakumbuka sidii, ile diski ya kung'aa. Unaifuta kwa pindo la blauzi, unaitia, inanguruma, unakunywa chai, kazi imekwisha. Wenye mfumo hawatoi tena sidii. Ukitaka mpya unaushusha kwenye mtandao, mzigo mkubwa kuliko sinema kumi, na asiye na mtandao shauri yake. Akufukuzaye hakwambii toka: wao walikuwa wanamwandikia Mwalimu tu kwenye kioo cha laptopu kila asubuhi kwamba mfumo wake umefika mwisho, apakue mwingine. Mwalimu akaogopa, akabofya. Kwake mtandao unapatikana ukisimama juu ya jiwe moja nyuma ya choo. Mzigo ukafika asilimia tatu, mtandao ukakatika, ukaanza tena sifuri. Alipambana hivyo miezi minne ndipo akanipigia simu.

"Niletee ile sahani," akasema. Sidii yeye huiita sahani.

"Mwalimu, sahani hakuna tena. Huu mfumo unapakuliwa."

"Unapakuliwa bila sahani? Wewe mtoto, nani alikufundisha Kiswahili?"

Nilicheka peke yangu dukani. Nikaushusha mfumo hapa mjini, siku mbili nzima, nikautia kwenye flashi yangu, kale kadude ka kuchomeka kasichozidi kidole. Halafu nikamwandikia ujumbe jirani yake, Bwana Ouma, kwa sababu macho ya Mwalimu hayasomi tena maandishi ya simu. Niliandika haraka, mteja akiwa amenisimamia. Nia yangu ilikuwa maneno yote ya Mwalimu yahifadhiwe kwenye flashi nyingine, niliyompa mwaka jana, kabla sijafika, ili mfumo mpya ukileta matata tusipoteze hata neno moja.

Migosi hadi Ahero

Jumanne asubuhi Mchungaji Elly alinipa lifti. Mnamjua: ana pikapu ya kukodisha mahema na viti vya matanga, na siku hiyo alikuwa anapeleka mzigo Homa Bay. Nilikaa mbele na mfuko wangu mweusi magotini. Ile flashi nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa, nikaitia ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka lililokwisha, nikalikaza kifuniko. Niliahidi kufika Mbita, zinapoondokea boti za Mfangano, siku hiyohiyo kabla ya jua kuwa kali.

Ahero tukakuta maji yamekaa barabarani. Mpunga ulikuwa haujulikani ulipoanzia wala ulipoishia, na malori yalikuwa yamepangana hadi huko nyuma. Dereva mmoja aliyejifanya shujaa alikuwa amesimama katikati ya maji juu ya boneti ya gari lake, viatu mkononi. Mchungaji akazima injini, akainamisha kiti, akafunika uso kwa kofia. Saa tatu ikawa saa sita, saa sita ikawa saa kumi.

Kulikuwa na mama anauza wali na samaki chini ya mwavuli. Nilipokwenda kununua aliitazama pikapu, akayatazama mahema, akautazama mfuko wangu mweusi, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama. Marehemu ni nani yako?"

"Mimi sijafiwa."

"Ni mzee wako?"

"Mama, hakuna mtu amekufa. Naenda kurekebisha kompyuta."

Akamgeukia mwenzake, akateremsha sauti. "Huyu alimpenda sana. Ona vile anaongea."

Akaniongezea wali na kipande cha pili cha samaki. Mimi mtu mzima, mshiriki wa kanisa, nilikula wali wa rambirambi ya mtu asiyekuwepo, na nilishtuka kuona jinsi ulivyoshuka vizuri. Hapa ndipo Mama Nekesa alipocheka.

Nikampigia Bwana Ouma nimwambie nimechelewa. Sauti yake ilikuwa changamfu.

"Bwana Ouma, ile kitu uliweka flashi?"

"Niliweka asubuhi, mama."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, vile ulisema. Mashine iko safi, we kuja tu pole pole."

"Na Mwalimu?"

"Anakungoja. Anasema atachinja jogoo."

Nilishusha pumzi. Nikajiambia, hata nikikaa hapa wiki, maneno ya Mwalimu yako salama. Usiku huo tukalala kwa shemeji wa Mchungaji hapo Ahero, na nililala fofofo.

Kuzunguka kwa Sondu

Jumatano maji yalikuwa yamepungua kiasi, tukavuka yakigusa milango. Tulipofika Katito wakatuambia barabara ya Kendu Bay imekatika, tuzunguke Sondu na Oyugis. Njiani Mchungaji akataka kujua kwa nini mtu mzima abebe kompyuta ndani ya kopo. Nikamweleza mambo ya sidii na mambo ya kushusha.

"Sasa hiyo kitu ya kushusha," akasema, "ikikataa kushuka, unashika nini?"

"Hushiki kitu."

"Ni kama hawa vijana wanakuja kuhubiri na Biblia ya simu. Juzi mmoja chaji iliisha kwa Warumi nane. Kanisa lote tukakaa tukimwangalia."

Alicheka mpaka gari likayumba, na kidogo mbele ya Sondu gurudumu la nyuma likapasuka. Sipare, gurudumu la akiba, nayo haikuwa na upepo. Akaliviringisha hadi sokoni, mimi nikabaki nalinda mahema.

Akaja mwanamke mmoja na beseni la mananasi kichwani. Sijui jina lake. Aliteremsha beseni, akaona viti, akaniona nimekaa peke yangu kwenye jiwe, akasema, "Mungu akupatie nguvu."

"Asante, mama, lakini sijafiwa."

"Ndio. Bado hujakubali." Akakaa kando yangu. "Hata mimi, kijana yangu alipoenda, watu walikuja kunipa pole nikawaambia wamekosea nyumba. Karibu mwezi mzima."

Ningemwambia nini, kwamba naenda kuweka mfumo? Akanishika mkono akaomba kwa Kijaluo, ombi refu, na katikati ya ombi akaanza kulia, na mimi, msiniulize kwa nini, nikalia naye. Mchungaji aliporudi na gurudumu alitukuta tumeshikana, mananasi chini. Akavua kofia. Mama yule alinikatia nanasi kabla ya kuondoka, tamu sana, na sikulikataa.

Homa Bay hadi Mbita

Oyugis tulipita bila kusimama, ila kununua viazi vitamu. Homa Bay tulifika jioni, mahema yakashushwa, nami nikalala kwenye nyumba ya wageni ambayo mwenyewe alinitandikia shuka nyeupe na kuniambia amepunguza sauti ya redio kwa heshima. Mchungaji alikuwa amemwambia nini, sijui. Nilikuwa nimechoka kukana msiba, nikasema asante.

Alhamisi asubuhi nikapata gari dogo la Mbita. Siku ilikuwa safi, vilima kushoto, ziwa kulia linang'aa, na moyo wangu mwepesi. Nakumbuka nilikuwa napanga nitakavyomwonyesha Mwalimu jinsi ya kuzima zile taarifa za kwenye kioo. Nilikuwa nimechelewa siku mbili tu.

Mbita

Bwana Ouma alikuwa ananingoja karibu na gati. Sikutarajia kumkuta huko. Yeye ni mtu wa makamo, fundi wa kutengeneza makasia ya boti, mtulivu, shati limepigwa pasi. Mkononi alikuwa na laptopu ya Mwalimu, ameifunga kwenye taulo safi kama mtoto ametoka kuogeshwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Mama Beryl, nimekupunguzia kazi yote."

"Kazi gani?"

Akafungua taulo, akafungua laptopu, akaiwasha. Iliwaka haraka mno. Ule mfumo wa zamani ulikuwa ukiamka kwa dakika kumi. Huu ulikuwa mpya, rangi nzuri, picha ya mlima wenye theluji, na juu ya mlima huo hakuna faili hata moja.

"Ona vile inakimbia," akasema Bwana Ouma.

Nikabofya huku na huku. Nilimuuliza vitu vya Mwalimu viko wapi.

"Vitu gani?"

"Maneno. Maneno ya Kisuba."

Akanitazama bila kuelewa, kisha akatoa simu. "Si wewe ndio uliandika? Ngoja." Akatafuta, akanipa. Nilisimama hapo gatini, watu wakipita na makreti ya nyanya, nikasoma ujumbe niliouandika kwa vidole vyangu: *Kila kitu iwekwe flashi kabla nifike.*

Nyinyi mnajua sisi wa kompyuta tunavyosema. Mteja akija kuchapisha barua namwambia weka flashi, naye anajua ni kuitia kwenye kale kadude. Lakini nendeni kwa watu wa simu. Kwao kuweka flashi ni jambo lingine: simu ikileta shida, inapigwa flashi, yanafutwa yote yaliyomo, inawekewa mfumo mpya, inarudi ilivyotoka dukani. Hata mtoto wa Mbita anajua hivyo. Bwana Ouma alikuwa hajawahi kusikia maana nyingine. Aliposoma *kila kitu*, alimwomba Mwalimu mashine kwa jina langu, akapanda boti Jumanne asubuhi, akaipeleka kwa fundi simu bora kuliko wote.

Nikaenda kwa fundi huyo. Nilikwenda nikiwa na hasira ya kumtafuna. Wanamwita Kevo, kibanda chake ni safi, kila bisibisi mahali pake.

"Mama, mimi sio mtu wa kuharibu," akasema. "Niliuliza huyu mzee Ouma, kuna kitu ibaki? Nikamuuliza mara mbili. Akanionyesha meseji. Kila kitu. Sasa ningefanya aje?"

Hasira ikarudi yote kwangu.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Kitu kikifutwa kwenye mashine ya aina ile hakiondoki mara moja. Kinabaki pale chini, kama maandishi ubaoni yaliyopitishwa mkono kavu, na mtu mwenye programu ya kufukua anaweza kukirudisha, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Programu hiyo ninayo. Nikamuuliza Kevo, baada ya kuweka mfumo, mashine ilifanya nini tena?

"Ikaanza kujiletea mambo zake. Si unajua hizi mpya, haziji kamili, zingine zinajishushia zenyewe. Hapa mtandao ni mzuri. Nikaiacha ikule mpaka ishibe. Imemaliza leo asubuhi."

Siku mbili. Wakati mimi nakula wali Ahero, wakati nalia na mama wa mananasi, mfumo ulikuwa unashuka kutoka huko uliko na kukaa juu ya maneno ya Mwalimu, mzigo baada ya mzigo. Sidii isingefanya hivyo. Sidii ilikuwa inaweka kilicho ndani yake inanyamaza. Na kama barabara ingekuwa kavu ningefika Jumanne hiyohiyo, nikaichomoa mtandaoni.

Nilifukua hapo kibandani tangu asubuhi hadi boti ya alasiri. Kevo aliniletea chai, nikaiacha ikapoa. Zilirudi picha za ndama, nusu ya wimbo wa kanisa na orodha ya wageni wa harusi fulani. Yalirudi pia majina ya faili za maneno, Herufi A, Herufi B, na kila nilipofungua moja nilikuta vijisanduku vitupu, mstari hadi mstari, ukurasa hadi ukurasa. Nilifungua zote. Sikuamini mpaka ya mwisho.

Majini

Katika boti nilikaa na laptopu mapajani. Bwana Ouma alikuwa kando yangu. Tulipopita kisiwa cha Takawiri ndipo akauliza.

"Kwa hivyo maneno haiko?"

"Hayako."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Bwana Ouma. Na kosa si lako. Ni la mwandiko wangu."

"Mama yangu alimpa Mwalimu mengi," akasema. "Alikuwa anakuja jioni, wanakaa jikoni, mama anaongea, yeye anaandika. Mimi nilikuwa naona ni kelele ya wazee. Mama ako na miaka mitano kaburini."

Nikamuuliza kama anayakumbuka. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inacheza bila sauti. Alikunja kidole cha kwanza, cha pili, akasita sana, akakunja cha tatu. Halafu akaukunjua mkono wote na kuuweka juu ya goti. Boti ikafika Sena, gati ya Mfangano.

Kwa Mwalimu

Jogoo alikuwa ameshachinjwa. Meza ilikuwa na kitambaa cha kufuma, na Mwalimu alikuwa amevaa lile gauni la bluu la kwenda kanisani, miwani imefungwa kwa uzi. Alinikumbatia, akanipima kwa macho, akasema nimekonda.

"Nawa mikono kwanza. Tarakilishi itangoja."

Yeye hasemi kompyuta. Nikamwambia, "Mwalimu, nikuambie kabla sijanawa."

Akakaa.

"Maneno yamefutika."

"Yamefutika wapi?"

"Kwenye mashine. Yote."

Alinitazama kwa ule uso wa zamani, wa kumngoja mwanafunzi amalize jibu. Alipoona sina zaidi, akasema, "Basi yapakue. Si uliniambia siku hizi mambo haya yanapakuliwa?"

"Ule ni mfumo, Mwalimu. Mfumo uko kwa wenyewe, kila mtu anaweza kuushusha. Maneno yako hayakuwa popote ila hapa."

Akaweka mkono juu ya laptopu. "Mtu hupakua kilichopikwa," akasema polepole. "Lazima kuwe na chungu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na chungu kilikuwa hiki."

"Ndiyo."

Akauliza ilikuwaje. Bwana Ouma, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoa simu bila kuambiwa. Mwalimu akanipa mimi. "Nisomee. Kwa sauti."

"Kila kitu iwekwe flashi kabla nifike."

"Rudia."

Nikarudia.

"Kila kitu kiwekwe," akasema. "Ki. Endelea."

"Kiwekwe flashi."

"Kiwekwe *kwenye* flashi. Kwenye iko wapi?"

Nilitazama tena kioo cha simu.

"Nakuuliza, kwenye iko wapi?"

"Niliiacha, Mwalimu."

"Neno moja," akasema. Alivua miwani akaishika mkononi. Afadhali angenichapa. Nilikuwa tayari anichape, nina miaka hamsini na mbili na ningenyoosha kiganja. Hakunichapa wala hakupandisha sauti. Aliinuka akaenda kabatini, akarudi na ile flashi niliyompa mwaka jana, iko ndani ya karatasi yake ya dukani, haijafunguliwa. Akaiweka mezani mbele yangu. "Niliogopa kuipoteza," akasema, "ni ndogo mno."

Kisha tukala, kwa sababu jogoo alikuwa ameiva na mgeni ni mgeni. Sikumbuki ladha yake.

Nilikuwa nimepanga kukaa siku moja, nikakaa tano. Asubuhi ya Ijumaa Mwalimu alitoa daftari jipya la mistari, akanipa kalamu, akasema, "Andika." Alifumba macho, akaanza. Mengine yalikuja kwa mkupuo, ishirini, thelathini, mkono wangu ukauma. Ya jikoni yalikuja vizuri, na ya mwili wa mtu. Halafu ikaanza kuja maana peke yake. Anajua kitu ni nini, anajua nani alimpa, anajua walikuwa wamekaa wapi siku hiyo, anakumbuka hata mzee alikuwa anatafuna nini, lakini neno lenyewe haliji. Mara ya kwanza nilingoja. Akaniambia, "Acha pengo, andika maana." Nikaacha pengo.

Bwana Ouma alikuja na maneno yake matatu. Moja Mwalimu alisema si Kisuba, ni Kijaluo kilichopindwa. Wakabishana hadi wakacheka, na hiyo ndiyo mara pekee niliyosikia kicheko katika nyumba ile. Mengine mawili tukayaandika. Kulikuwa na bibi mmoja ng'ambo ya kilima ambaye bado alikuwa hai. Tulimwendea. Alifurahi kumwona Mwalimu, akatuimbia, akamwita Mwalimu kwa jina la dada yake aliyekufa, na hakuweza kutupa neno hata moja.

Kufikia Jumanne tulikuwa na maneno mia tatu na arobaini, na mapengo sikuyahesabu. Kurasa za mwisho zilikuwa za mapengo matupu, upande mmoja maana, upande wa pili jina la mtoaji na neno *marehemu*. Laptopu ilikuwa imekaa mezani wakati wote huo, mfumo mpya, inafanya kazi vizuri sana, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mfumo niliobeba kwenye kopo la mafuta hata sikuufungua.

Kurudi

Jumatano asubuhi Mwalimu alinisindikiza hadi ziwani, Bwana Ouma amenibebea mfuko. Boti ilikuwa inapakia. Nilitaka kuomba msamaha tena, nilikuwa nimeomba kila siku, na kila siku alinijibu kwamba amesikia. Nikaanza, "Mwalimu," lakini hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ametazama chini.

Pale maji yanapofika kwenye changarawe na kurudi, huwa yanaacha mstari mwembamba wa povu, unakaa kidogo, unapasuka, unaisha, na wimbi linaleta mwingine.

"Huu," akasema, ananionyesha kwa kidole. "Huu una jina. Si povu. Povu ni lile la sabuni. Huu unaobaki. Mama yake Ouma alinipa, tulikuwa tumesimama hapahapa, akaniambia nyinyi wa shule hamuoni vitu."

Akafungua kinywa. Nilitoa daftari mfukoni, nikatoa kalamu. Akakifunga. Akamgeukia Bwana Ouma, naye akatikisa kichwa taratibu.

"Mwalimu, tuache pengo?" nikamuuliza.

"Subiri," akasema, akainua kidole.

Tukasubiri. Mstari ukaisha, ukaja mwingine, nao ukaisha. Mwenye boti akaita mara ya kwanza, mara ya pili. Bwana Ouma alinipokonya kalamu kwa upole, akachukua daftari, akanisukuma kidogo nipande. Boti ilipogeuka niliwaona wote wawili wameinama pale ukingoni, Mwalimu ameshika pindo la gauni lisilowe, wanayatazama maji, na yeye bado ameinua kidole kwamba watu wasiongee.